Kiranja si Mpatanishi

Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikalikazia katazo hilo. Tangu hapo limebaki swali: ni nani atakayesuluhisha ugomvi wa vijana? Wengi hujibu kwamba wanafunzi wapatanishwe na wanafunzi wenzao. Jibu hilo ni jema, ila anayefikiriwa kwanza huwa kiranja. Hapo ndipo penye kosa.

Kiranja huandika majina ya wakosaji na kuyafikisha kwa mwalimu wa zamu. Nani atamfungulia moyo mwenye daftari la makosa? Chuki dhidi ya cheo hicho si hadithi tupu: mwaka 1999, katika Shule ya Upili ya Nyeri, viranja wanne waliuawa kwa moto uliowashwa na wanafunzi wenzao.

Kiswahili chenyewe kinatufunza. Mwamuzi hukata shauri. Neno mpatanishi, kwa upande wake, limebeba viambishi viwili: -an- ya kutendana na -ish- ya kusababisha. Wanaopatana ni wagombanao wenyewe. Mpatanishi huwawezesha tu.

Chukua mfano wa Magwagwa, Kaunti ya Nyamira, ambako mashamba ni madogo na watu ni wengi. Mtoto hukua akiona wazee wakiketi kusikiliza ugomvi wa mpaka, kila upande ukisema yake. Mtoto huyo akifika bwenini, ndoo yake ikiibwa au akikejeliwa mbele ya wenzake, hukuta njia mbili tu: ngumi au ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu. Kikao alichokijua nyumbani hakipo.

Watakaopinga watasema vijana watafichiana maovu. Hofu hiyo ina msingi. Kwa hiyo, mipaka iwekwe mapema: dhuluma za kimapenzi, silaha na dawa za kulevya zipelekwe kwa watu wazima bila kuchelewa. Yaliyosalia, yaani matusi, uvumi, madeni na wivu, yaachiwe wapatanishi waliochaguliwa na wanafunzi, wasio na mamlaka ya kuadhibu.

Walimu wa Kiswahili wana nafasi ya pekee hapa. Kipindi cha kusikiliza na kuzungumza kisiishie kwenye maigizo ya hotelini na hospitalini. Wanafunzi wafunzwe kuuliza bila kushutumu, na kuyarudia maneno ya mwenzao bila kuyapotosha. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na mwaka 2016, mabweni yalipoteketezwa katika shule zaidi ya 100 nchini, kuta nyingi zilijengwa upya.