Maradhi Yasiyobisha Hodi



Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), wiki hii naanza na kosa langu mwenyewe.

Nilikwenda Nairobi kwa shughuli ya harusi, nikapita Kawangware kumjulia hali mama mmoja wa kwetu pwani, mjane, aliyehamia huko zamani akimfuata mumewe. Nilimkuta na wanawe kibarazani, akiuza viazi karai na mahamri. Katika mazungumzo akaniambia, "Maalim, zahanati walinipa vidonge vya presha. Nimevimeza mwezi mzima, kichwa kikaacha kuuma, basi nikaviwacha." Nami nikamjibu, "Alhamdulillahi, mama, Mungu ameondoa." Tukanywa chai, nikaaga.

Haukupita mwaka nikapigiwa simu. Kiharusi kilimpata alfajiri akikanda unga. Yu hai, tunashukuru, lakini mkono wake wa kulia hauwezi kuinua kijiko, na binti yake ameacha chuo ili akande unga badala yake. Mama yule alihitaji nasaha, mimi nikampa hongera. Tangu siku hiyo nimejilazimisha kusoma yale ambayo wataalamu wameyachunguza kuhusu maradhi haya katika nchi yetu, na leo nawaletea niliyoyapata.

Mwaka 1929 daktari Mwingereza aitwaye Donnison, aliyefanya kazi upande wa Kisii, aliandika kwamba katika miaka miwili alilaza hospitalini wagonjwa wapatao 1,800, na hakumkuta hata mmoja mwenye shinikizo la damu. Akapima watu wengine vijijini, akaona kwamba shinikizo lao halikupanda kwa kuzeeka, kama ilivyokuwa kwa watu wa Ulaya. Basi anayesema kwamba presha ni jambo la kawaida la uzee, au kwamba ni asili ya damu yetu Waafrika, na aikumbuke habari hiyo.

Imekuwaje basi? Mwaka 1990 ulichapishwa uchunguzi mwingine, uliowafuata Wajaluo waliotoka vijijini karibu na Ziwa Viktoria wakahamia Nairobi. Watafiti waliwapima wahamiaji hao mara kwa mara kwa muda wa hadi miaka miwili, wakawalinganisha na wenzao waliobaki kijijini. Hawakutosheka na kupima mkono tu; mkojo pia ulipelekwa maabara. Shinikizo la wahamiaji lilikuwa limekwisha kupanda tangu miezi ya mwanzo ya maisha ya mjini. Mkojo wao ulionyesha kwamba sodiamu, yaani ile iliyomo katika chumvi, imezidi ikilinganishwa na potasiamu, ambayo tunaipata katika matunda, mboga, maharagwe, ndizi na mihogo. Mapigo ya moyo wao nayo yalikuwa ya kasi zaidi. Watu wa ukoo mmoja na kijiji kimoja, na tofauti ikaletwa na safari ya basi.

Kisha ikaja zamu ya Kibera, mtaa ambao Waislamu wa Kinubi waliuita Kibra, yaani msitu, na ambako adhana imesikika kwa zaidi ya miaka mia moja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi walipita nyumba kwa nyumba wakawapima watu wazima 2,061, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Baada ya kuzingatia tofauti za umri, asilimia 22.8 walikuwa na shinikizo la juu la damu, yaani zaidi ya mtu mmoja katika kila watano. Na miongoni mwa waliokutwa nalo, ni mmoja tu katika watano aliyekuwa akijua. Wanne waliobaki walikuwa wakichota maji, wakilea na kuswali, wala hawana habari.

Katika uchunguzi huo mna mambo mawili yanayotuhusu hasa. La kwanza, wanane katika kila kumi walisema wanafanya kazi nyingi za mwili. Kwa hiyo mama asijidanganye kwamba kwa kuwa anapanda kilima na ndoo kichwani, moyo wake umesalimika. La pili, thuluthi moja ya wanawake walikuwa na uzito uliopita kiasi, ilhali wanaume walio wengi walikuwa na uzito wa kawaida. Sisi huku pwani tumezoea kumsifu mwanamke mnene kuwa ametunzwa. Sifa hiyo tuitazame upya.

Wazee walisema kwamba mficha maradhi, kilio humfichua. Lakini hapa mgonjwa hafichi kitu. Maradhi ndiyo yanayojificha. Chumvi inapozidi mwilini huvuta maji, damu huongezeka katika mishipa, na moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Kadiri miaka inavyopita mishipa hukakamaa, moyo hutanuka, figo huchoka, na siku moja mshipa wa ubongoni huziba au hupasuka. Muda wote huo kichwa chaweza kisiume hata mara moja. Kujisikia mzima si kuwa mzima, na kipimo ndicho kinachosema. Kikisoma 140 kwa 90 au zaidi, kwa kurudiwa siku tofauti, hilo ni jambo la kumpelekea daktari.

Habari njema ni kwamba dawa zipo na zimejaribiwa kwa watu kama sisi. Mwaka 2019 yalitolewa matokeo ya majaribio yaliyowashirikisha wagonjwa 728 katika nchi sita za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda. Kila mgonjwa alipewa dawa mbili kwa pamoja, na ikabainika kwamba michanganyiko yenye amlodipini ilishusha shinikizo vizuri zaidi kuliko ule usiokuwa nayo. Daktari akikupa vidonge viwili hajakosea. Lakini usiazime vya jirani, kwani kinachomfaa yeye huenda kisikufae wewe. Na ukivimeza ukajisikia vyema, hiyo si ruhusa ya kuviacha.

Wako watakaosema kwamba yote ni kudra. Naam, ni kudra. Na dawa pia imo katika kudra. Mabedui walipomuuliza Mtume (s.a.w.) kama watafute tiba, aliwaamrisha waitafute. Mwenye kutawakali hufunga ngamia wake kwanza. Mwili ni amana, na amana hailindwi kwa kuipuuza.

Ramadhani nayo ina neno lake. Wengi huacha vidonge kwa ajili ya saumu. Mama, nenda kwa daktari kabla mwezi haujaandama, umwombe akupangie dawa wakati wa kufuturu na wa daku. Akikwambia kwamba saumu itakudhuru, Mola wako amekwisha kukupa ruhusa; usiikatae rehema yake.

Nyumbani, tuanze na chungu. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isiyozidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, nayo ni kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kuingia katika mkate, achari, ng'onda na viungo vya pakiti. Kidau cha chumvi kiondoke mezani. Ng'onda aloweke, maji yamwagwe. Tui na ndimu vina ladha ya kutosha. Na wale wenye jamaa Kibera, Kawangware au mji wowote, simu ya Ijumaa isiishie kwa "hamjambo", ulizeni pia, "Mmepima lini?"

Juzi nilimpigia mama yule wa Kawangware nikamwomba radhi. Akacheka, akasema, "Maalim, sasa navimeza, binti anavihesabu." Nikamwombea, nanyi nawaomba mumwombee.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, utuamshe kabla maradhi hayajatuamsha, na uzihifadhi nyoyo zetu, ile ya nyama na ile ya imani. Amin.