Tumbo yenye kupiga mpaka mugongoni, hapana kungoja mushahara

Wasomaji wetu wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, leo tunasema juu ya ugonjwa wenye wengi wanauita sumu. Mutu anakunywa lutuku, usiku tumbo inamushika kwa juu, maumivu inapita mpaka mugongoni, anatapika bila kupata raha. Jamaa inaanza kutafuta nani alimutilia kitu mu kikopo. Mara nyingi hakuna mutu alitia kitu. Ni kongosho, ile nyama ndefu yenye kulala nyuma ya tumbo la chakula: imevimba, na maji yake ya kuyeyusha chakula yanaanza kuila yenyewe. Pombe na mawe ya nyongo ndivyo visababishi vikubwa. Kwa hiyo hata mama asiyekunywa tone anaweza kuupata.

Wengi wanapona ndani ya siku chache, kwa seramu na dawa ya maumivu. Tunawaza wale wengine. Nyuma ya kongosho kunapita mushipa wenye kutoa damu kwenye wengu. Damu ikiganda humo, njia inaziba, na mishipa ya tumbo inajaa kupita kipimo mpaka kupasuka. Tena yale maji makali yanaweza kula ukuta wa mushipa mukubwa, ufanye kifuko chembamba. Kikipasuka, mutu anaweza kufa kwa saa chache. Ni mambo ya nadra, lakini yanaweza kuja wiki nyingi, hata miezi, kisha mugonjwa kurudi mu kazi na wote kusema amepona.

Basi aliyeugua kongosho, akitapika damu, akienda choo cheusi kama lami, ama maumivu ikirudi kwa ghafula, apelekwe lopitali saa ile ile. Amwambie munganga wazi ugonjwa wa kwanza, na pombe kama alikunywa. Skanere ndiyo inaonyesha mushipa. Ukionekana mapema, waganga wenye vyombo wanaweza kuuziba mbele upasuke.

Lakini skanere ni makuta. Kode ya kazi ya 2002 inamupasha mwajiri kutunza mufanyakazi na jamaa yake wakati wa ugonjwa. Haisemi: mwisho ni dispansere. Makampuni madogo yenye kukodishia makubwa watu yasijifiche. Na kooperative, kama inakata pesa kwa kila mufuko wa muchimbaji, itenge sehemu ya wagonjwa. Mutu anayetapika damu hawezi kungoja tarehe ya malipo.