Simu moja, wanafunzi 80: ticha mtarajiwa, usisubiri projekta

Najua nimeadimika. Mitihani ya muhula bwana, halafu baridi la Iringa mwezi huu siyo la kuchekea, mtu unasoma umejifunika blanketi mpaka puani. Leo sina udaku wa bwenini. Nataka tuongee ya kazini, maana mwezi wa saba ukifika wengi wetu tunabeba mabegi kwenda BTP, na nasikia watu wanajigamba, "Mimi huko nitafundisha kidijitali." Safi sana. Ila tukumbushane mambo mawili matatu kabla hujapanda basi.

Msimamo wangu nautoa mapema, atakayenuna anune mapema. Teknolojia ya darasani kwa mwalimu wa huku kwetu ni ile inayofanya kazi siku umeme umekatika, mtandao umegoma na mvua inapiga bati. Isiyoweza hivyo ni ya semina. Na kifaa chenye sifa hiyo tayari kiko mfukoni mwako: simu yako mwenyewe.

Angalieni tunavyoandaliwa. Katika somo la teknolojia ya elimu tunasoma habari za projekta na ubao wa kielektroniki. Tukifanya mazoezi ya kufundishana wenyewe kwa wenyewe, chumba kina watu 20, soketi kila ukuta, na "wanafunzi" wote ni watu wazima wanaokuonea huruma. Halafu unapelekwa Kilolo au Rungwe, unakuta madogo 80 na ubao uliopasuka. Shule niliyofundisha mwaka jana kule Rungwe, jina nalihifadhi, kompyuta zilikuwepo, nzuri tu, zimefunikwa vitambaa. Siku zote nilizokaa pale sikuona hata moja ikiwashwa. Mwenye ufunguo alikuwa haonekani, na akionekana umeme hakuna. Sasa hapo ukiwa ulitegemea projekta, umekwisha.

Na wala wazo la simu siyo geni. Mwaka 2007 Tanzania ilianza mradi ulioitwa Elimu kwa Teknolojia, Nokia na Vodacom wakiwa miongoni mwa washirika, katika shule za msingi 150. Mwalimu alikuwa anapakua video fupi za hisabati, sayansi au stadi za maisha kwa simu, anaiunganisha na televisheni, darasa zima linaona. Wazo zuri mno. Ila mradi ni mradi, una tarehe ya kuanza na tarehe ya kumalizika. Simu yako haina tarehe hiyo. Vilevile baada ya Sensa ya Agosti 2022 serikali iligawa kwa walimu vile vishikwambi vilivyotumiwa na makarani. Kwa hiyo shuleni utakuta walimu wenye vifaa tayari. Swali ni nini kimo ndani yake.

Haya, tuje kwenye mambo yenyewe.

Kwanza, pakua mjini, tumia kijijini. Ukiwa Miyomboni au Mwanjelwa, mtandao upo na bando ni lako, jaza simu. Kuna programu inaitwa Kiwix, ya bure, inakupa Wikipedia nzima ya lugha unayotaka bila intaneti, na ya Kiswahili ipo. Kwa watu wa fizikia, kemia na hisabati, tafuteni PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2002. Ni majaribio ya kuigiza: unaunganisha saketi, unabadilisha volti, unaona taa inaongezeka mwanga. Mengi unaweza kuyahifadhi ukayatumia bila mtandao, na mengine yametafsiriwa kwa Kiswahili. Vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania navyo vipo kwenye maktaba yao ya mtandaoni.

Pili, na hili wengi hawalijui: tovuti ya NECTA siyo ya kuangalia matokeo tu. Baraza huweka pale taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali. Unaoneshwa watoto walikosea wapi, kwa nini, na mara nyingine picha ya jibu lenyewe kwa mwandiko wa mtahiniwa. Soma ya somo lako kabla hujaandika andalio la somo. Utajua mapema pale ambapo darasa lako litateleza.

Tatu, piga picha zako. Tulifundishwa zana faraguzi, yaani kutengeneza zana kwa vitu vilivyopo. Basi kamera ni faraguzi pia. Unafundisha mmomonyoko wa udongo? Nguzo za Isimila ziko kilomita 20 hivi kutoka Iringa mjini. Ziwa la kreta? Ngozi hilo hapo Rungwe. Mto na miamba? Daraja la Mungu kule Kiwira. Mtoto wa Tukuyu akiona kwenye simu ya ticha mahali anapopajua, anasikiliza tofauti na akiona picha ya kitabuni ya nchi ya watu.

Nne, alama. Ukiwa na mikondo mitatu ya Kidato cha Pili, kujumlisha kwa kalamu kutakutoa machozi. Tengeneza jedwali kwenye simu mara moja tu, wastani na nafasi vitatoka vyenyewe. Hifadhi nakala kwenye flashi au barua pepe. Ila tafadhali, usirushe matokeo ya watoto wenye majina yao kwenye magrupu ya WhatsApp, wala picha zao. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, huyo dogo wa mwisho ana utu wake.

Tano, akili mnemba. ChatGPT na wenzake watakuandikia andalio la somo kwa dakika moja, najua mnajua. Lakini mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika kwa awamu Januari 2024, na programu hizo zinaweza kukupa mada za mtaala wa zamani au mifano ya theluji na dola. Iombe maswali ya mazoezi, kisha yakague moja moja. Mada na umahiri vichukue kwenye muhtasari wenyewe.

Sasa utauliza, simu moja watu 80 wataonaje? Njia ninayoiamini ni hii: simu imfundishe mwalimu, mwalimu afundishe darasa. Video ya moyo unavyosukuma damu iangalie wewe usiku mara tatu, asubuhi uichore ubaoni kwa chaki za rangi, hatua kwa hatua. Ukitaka waone wenyewe, gawa makundi kwa vituo: kundi moja lina simu, jingine lina mawe, jingine lina mchoro, jingine lina maswali, mnabadilishana kila baada ya dakika chache. Dogo haruhusiwi kuja na simu shuleni, kwa hiyo hiyo yako pengine ndiyo pekee atakayoishika kwa ajili ya masomo wiki hiyo. Usiitumie kujionesha.

Kuna rafiki yangu huwa ananiambia hoja hii inawapa wakubwa kisingizio: mwalimu akitumia simu yake na bando lake, nani tena atanunua projekta? Ana hoja, na mimi simpingi kwa sehemu hiyo. Bando la kazi lisitoke kwenye mfuko wa mwalimu anayeanza maisha, na hilo tulidai bila aibu. Lakini madogo wa Kidato cha Pili mwaka huu hawatarudia Kidato cha Pili siku projekta ikifika. Darasa lao ni sasa.

Ndiyo maana naomba jambo moja kwa vyuo vyetu: kwenye mazoezi ya kufundisha kabla ya BTP, zima umeme. Mpe mwanachuo simu moja, chaki na dakika 40, tuone. Atakayefaulu hapo, hata ukimpa projekta kesho ataitumia vizuri. Aliyezoea projekta tu, ukimnyang'anya umeme anabaki na suti.

Haya, mnasemaje walimu wenzangu? Mwenye mbinu yake asiibanie. Mimi narudi kwenye madesa, karatasi ya mwisho ni Ijumaa. Tuonane BTP, na msisahau sweta, hasa mnaokwenda Mbeya!