Kabla ya Kumhukumu Mbwa, Ihukumiwe Picha

Daktari wa mifugo anapoitundika filamu ya eksirei mbele ya taa, au anapoifungua picha hiyo katika kioo cha kompyuta, jicho lake hukimbilia mahali anapodhani pana ugonjwa. Jambo hilo ni la kibinadamu, lakini utaratibu wake umepinduka. Swali la kwanza lapasa kuwa kama picha yenyewe yafaa kusomwa. Picha ya eksirei ni kivuli, na kivuli hurefuka, hufupika na hupinda kwa kadiri miale ilivyoelekezwa na kitu kilivyolazwa. Tangu Wilhelm Conrad Röntgen alipoigundua miale hiyo mwaka 1895, mitambo imebadilika mara nyingi. Kanuni hiyo haijabadilika.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa nyonga za mbwa. Displasia ya nyonga, yaani hali ya kichwa cha fupapaja kutoshikwa sawasawa na kikombe chake, ilielezwa katika mbwa na Gerry Schnelle wa Marekani mwaka 1935. Mbwa huirithi kutoka kwa wazazi wake, ingawa lishe na uzito navyo huchangia, nayo huwasumbua hasa mbwa wa mbari kubwa kama vile mbwa wa Kijerumani wa kuchunga, Labrador na Rottweiler. Kwa kuwa mbwa aweza kuwa na kasoro hiyo bila ya kuchechemea, wafugaji huamua kwa picha ni yupi azalishwe na ni yupi asizalishwe. Nchini Marekani, shirika la Orthopedic Foundation for Animals, lililoanzishwa mwaka 1966, huwapa wataalamu watatu picha moja, kila mmoja akaipima peke yake, kisha mbwa huwekwa katika mojawapo ya madaraja saba. Cheti cha kudumu hakitolewi kabla mbwa hajatimiza miezi 24. Nchini Uingereza kila nyonga hutazamwa katika vipengele tisa na kupewa alama kuanzia 0 hadi 53. Nyonga mbili, basi, zaweza kufikia 106, na mwenye alama chache ndiye bora.

Mizani hizo zote zategemea jinsi mbwa alivyolazwa mezani. Yampasa alale chali, miguu ya nyuma imevutwa hadi ikanyooka, mapaja yakiwa sambamba na magoti yamegeuzwa ndani kidogo ili kila kilegesambwa kikae katikati ya mfupa wa paja. (Kiswahili kilikwisha kumpa mbwa nafasi katika jina la mfupa huo zamani, kabla ya mtambo wowote kufika.) Fupanyonga nalo lisiegemee upande. Ushahidi wa hayo umo ndani ya picha yenyewe: yale matundu mawili makubwa ya fupanyonga yawe na ukubwa mmoja, na mabawa yake mawili yawe na upana mmoja. Tundu moja likiwa dogo kuliko mwenzake, mbwa alipinduka. Hapo nyonga ya upande mmoja itaonekana kuwa na kikombe kifupi, na ya upande wa pili itaonekana kuwa na kikombe kirefu kuliko kilivyo. Hata pembe ya Norberg, ambayo kwa kawaida hutarajiwa kuwa nyuzi 105 au zaidi, hubadilika pamoja na mpinduko huo. Mpimaji aweza kuandika tarakimu kwa uangalifu mkubwa, na tarakimu hiyo isiwe na maana yoyote.

Anayepata hasara hapo si daktari. Ni mfugaji anayemhasi mbwa mzima wa nasaba njema, au, vibaya zaidi, anayemzalisha mgonjwa na kuueneza ugonjwa kwa watoto na wajukuu.

Liko pia tatizo ambalo hata ulalo bora hauliondoi. Miguu ikinyooshwa, mfuko wa kiungo hujisokota na kukibana kichwa cha fupapaja ndani ya kikombe, na ulegevu uliopo ukafichika. Kwa sababu hiyo Gail Smith wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alibuni njia ya kupiga picha wakati vichwa vya mapaja vinasukumwa nje kwa kifaa maalumu, ili ulegevu upimwe kwa tarakimu. Aidha, mbwa aliye macho hukaza misuli yake. Dawa ya usingizi, basi, ni sehemu ya ubora wa picha, wala isihesabiwe kuwa anasa.

Dawa hiyo yamlinda mtu vilevile. Picha ya mbwa yenye vidole vya binadamu pembeni ni ushahidi kwamba mtu aliingiza mkono katika njia ya miale. Glavu na aproni za risasi hukinga miale iliyotawanyika. Hazikuundwa kuzuia ile inayotoka moja kwa moja katika mtambo. Mbwa aliyelala akategemezwa kwa mifuko ya mchanga humwezesha msaidizi kusimama mbali, na mtu aliyehama kutoka mita 1 hadi mita 2 hupata kama robo tu ya mionzi aliyokuwa akiipata. Picha yenye vidole yafaa kukataliwa hata kama mifupa imeonekana vizuri, kwa kuwa ikipokelewa leo, kesho vidole hivyo vitarudi.

Wapo wanaoamini kwamba mitambo ya kidijitali imeyamaliza mambo haya. Imemaliza baadhi, na mengine imeyaficha. Filamu iliyopigwa kwa miale mingi mno ilitoka nyeusi, na kosa likaonekana na kila mtu. Kompyuta huirekebisha picha ya namna hiyo ikapendeza, hata mpigaji akazoea kuongeza kipimo bila ya kujua. Mbwa aliyepinduka, kwa upande wake, hubaki amepinduka.

Kwa picha za kifua, neno moja latosha. Ikipigwa mbwa anapotoa pumzi, mapafu huwa meupe kama yenye maradhi na moyo huonekana umejaa kifua. James Buchanan na Jörg Bücheler walionyesha mwaka 1995 kwamba moyo wa mbwa waweza kupimwa kwa pingili za uti wa mgongo, na kwamba wa kawaida huwa na pingili 8.5 hadi 10.5. Kipimo hicho ni kizuri, ila nacho chadai mbwa aliyelazwa sawasawa.

Itasemwa kwamba katika Afrika Mashariki mitambo ni michache, dawa ni ghali, na mwenye mbwa hana fedha ya kulipia picha ya pili. Hoja hiyo ina uzito, lakini haina uzito mmoja kila mahali. Mbwa aliyegongwa na gari, akihema kwa shida, asisumbuliwe kwa ajili ya picha nzuri. Mfupa uliovunjika vipande viwili huonekana hata katika picha duni. Cheti cha uzazi hakina dharura. Picha yake yaweza kungoja wiki moja, au ikapelekwa mahali penye mtambo bora, na mpimaji ana haki ya kuirudisha bila ya kuisoma.

Wanaonunua mbwa kutoka ng'ambo kwa kazi ya ulinzi, au ya kunusa meno ya ndovu bandarini, nao wasiridhike na cheti peke yake. Waiombe picha, wayatazame yale matundu mawili, na watafute alama ya kulia na kushoto, tarehe, na namba ya mbwa iliyochapwa wakati wa kupiga. Picha isiyo na namba, hata ikiwa safi namna gani, yaweza kuwa ya mbwa mwingine.