Namba ya Mbwa na Dhamana ya Mwenyewe

Yapo mambo ambayo hutufikia kutoka ng'ambo kwanza kwa sura ya kichekesho, yakakaa kitambo kwa sura ya desturi ya matajiri, kisha yakaonekana yamelala mezani pa wabunge katika sura ya mswada wa sheria. Na katika mambo hayo, siku si nyingi, litakuwamo hili la kumtia mbwa chipu chini ya ngozi ili ajulikane ni mbwa wa nani. Huko Uingereza jambo hili lilikwisha kuwa faradhi tangu tarehe 6 Aprili 2016: kila mbwa aliyetimiza wiki 8 hana budi kuwa na namba yake, na mwenye kupuuza, akipewa notisi ya siku 21 naye asitekeleze, huweza kutozwa faini ifikayo pauni 500. Ireland ya Kaskazini ilikuwa imetangulia mwaka 2012, na paka wa England nao wakaingizwa katika sheria mwezi wa Juni 2024. Swali ninalotaka kulitia mizanini leo ni kama sheria ya namna hii ni ya haki, na kama ni ya haki, ni nani hasa anayestahili kulazimishwa.

Kabla ya hoja yafaa kitu chenyewe kibainike, maana wengi hukidhania kuwa ni jasusi. Chipu ni kijiti cha kioo kisichozidi punje ya mchele, hutiwa kwa sindano baina ya mabega ya mbwa, haina betri, wala haifanyi lolote mpaka ipitishiwe mashine ya kusomea, ambayo huiamsha kwa mawimbi ya redio ikataja namba yake ya tarakimu 15, kisha ikanyamaza tena. Haisemi mbwa yuko wapi. Anayetaraji kwamba mbwa wake aliyeibwa ataonekana kwenye ramani ya simu amekichanganya kitu hiki na kile kifungwacho ndani ya magari. Wala jina la mwenye mbwa halimo mwilini mwa mbwa: limo daftarini, na daftari limo mikononi mwa watu, na kwa watu ndiko mambo haya yote hutengenea au huharibika.

Waingereza hawakuifikia sheria hii ghafla. Kwa zaidi ya karne moja walikuwa na leseni ya mbwa, ambayo mwishowe ilikuwa peni 37 tu kwa mwaka, kima ambacho kukikusanya kuligharimu kuliko mapato yake, na ambacho wengi hawakujishughulisha kukilipa. Ikafutwa mwaka 1987. Kisha ikaja amri ya mwaka 1992, kwamba mbwa awapo mahali pa watu wote avae mkanda wa shingoni ulioandikwa jina na anwani ya mwenyewe. Amri hiyo ingali inatumika, lakini mkanda hukatika, na mwizi wa mbwa jambo lake la kwanza ni kuuvua. Namba iliyo chini ya ngozi haivuliki kwa wepesi huo, na hii ndiyo hoja inayotangulizwa daima na wenye kuitetea chipu.

Hoja iliyo nzito zaidi imo ndani ya kanuni zenyewe, nayo aghalabu haisemwi. Kanuni za England zimeweka kwamba wa kwanza kuandikwa daftarini ni yule aliyemzalisha mbwa, na kwamba haijuzu kumkabidhi mbwa kwa mmiliki mpya kabla hajatiwa chipu, isipokuwa daktari wa wanyama athibitishe kwamba afya yake hairuhusu. Maana yake ni kwamba mtu afanyaye biashara ya watoto wa mbwa wagonjwa, walioachishwa ziwa kabla ya wakati wao, akishapokea fedha hawezi kusema kisheria kwamba hawajui, kwa sababu jina lake liko nyuma ya namba ya kila mmoja wao. Fauka ya hayo, wenye daftari nao wamefungwa: sharti wapatikane kwa simu na kwa mtandao saa zote, wahifadhi nakala ya kumbukumbu zao mahali pengine palipo salama, na wakiulizwa habari za mbwa aliyeandikwa kwa mwenzao wamwelekeze muulizaji huko.

Hata hivyo sheria hiyo haikosi kasoro, na kasoro zake zatufaa sisi kuliko sifa zake. Daftari si moja. Ni mengi, ya kampuni mbalimbali, na aliyemwokota mbwa hana budi kwanza kujua namba hii iko kwa nani. Watu huhama nyumba, hubadili simu, humgawa mbwa kwa jamaa, wala hawamkumbuki mtunza daftari. Basi mbwa akipotea, namba husomeka vizuri sana, ikaelekeza kwenye simu iliyokufa zamani. Tena sheria ilimlazimisha mwenye mbwa kuiweka namba, haikumlazimisha daktari wa wanyama kuisoma. Kisa cha mbwa mmoja, Tuk jina lake, kilifika mpaka Bungeni London: mwaka 2017 alidungwa sindano ya mauti, naye bado kijana, ilhali katika kumbukumbu za namba yake walikuwamo watu wengine waliokuwa tayari kumpokea, na hakuna aliyezitazama. Madaktari wa huko walikuja baadaye kuongezewa masharti ya kusoma kabla ya kuua, lakini masharti hayo yalikuja kwa kelele za wananchi, si kwa busara ya waliotunga sheria.

Tukija kwetu, mizani hubadilika, kwa kuwa Mwingereza akipotelewa na mbwa huogopa huzuni, ilhali sisi tukiumwa na mbwa huogopa mauti. Kichaa cha mbwa kingalipo Kenya, Tanzania na nchi jirani. Duniani kote wanaokufa nacho hukadiriwa kuwa 59,000 kwa mwaka, walio wengi katika Afrika na Asia, na sehemu kubwa yao watoto. Na dalili zikishadhihiri, hakuna tena dawa ya kutegemewa. Mtu akiumwa, baada ya jeraha kuoshwa kwa maji na sabuni kwa dakika 15, na sindano zikaanza bila ya kungoja, swali linaloulizwa hospitali ni lile lile: mbwa ni wa nani, na je, alichanjwa? Mbwa akijulikana, akafungiwa na kutazamwa kwa siku 10 naye akabaki mzima, daktari aweza kuzisimamisha sindano zilizosalia. Asipojulikana, aliyeumwa hana budi kuzimaliza, na si ajabu familia ikauza mbuzi ili zilipwe.

Wale waliopata kumsafirisha mbwa kutoka Mombasa au Dar es Salaam kwenda nchi za Umoja wa Ulaya wanalijua sharti moja ambalo wengi hulilalamikia: huko hawaihesabu chanjo ya kichaa iliyotangulia chipu, hata cheti chake kingekuwa na mihuri mitatu. Chipu kwanza, kisha chanjo, kisha damu hupimwa si chini ya siku 30 baadaye, kisha miezi mitatu ya kungoja. Mimi ukali huu nauona una mantiki. Cheti kisichofungamana na mnyama maalumu husema tu kwamba mbwa fulani alichanjwa, naye aliyesimama mbele yako aweza kuwa ndiye au siye.

Najua wako watakaosema, hasa huku pwani, kwamba mbwa si katika mambo yetu, kwani ute wake ni najisi katika madhehebu ya Imamu Shafi na nyumba nyingi hazimfugi. Lakini fiqihi hiyo hiyo yamruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa ulinzi, na kila msomaji wa Sura ya Al-Kahf anamjua yule aliyelala mlangoni mwa pango hali amenyosha miguu yake ya mbele. Isitoshe, mbwa wa jirani hamwulizi mpita njia madhehebu yake. Asiyefuga mbwa, ukitazama kwa insafu, ndiye mwenye haki kubwa zaidi ya kutaka wafugao wajulikane.

Pingamizi ninaloliheshimu ni jingine, nalo ni la umaskini. Mbwa wengi wa vijijini kwetu si koko kama wageni wanavyowadhania. Wana wenyewe, ila hawafungwi, hulinda boma usiku na mchana wakajitafutia. Mwenye mbwa kama huyo ukimwambia alipie chipu au alipe faini, kesho yake atakuambia hana mbwa, na mnyama ataendelea kuzurura, sasa bila ya mwenyewe na bila ya chanjo. Hiyo itakuwa hasara tupu, kwa maana wataalamu wanakubaliana kwamba ili kichaa kikatike yatosha kuchanja mbwa 70 katika kila 100, wala hawakuweka chipu kuwa sharti. Na huko Pemba ugonjwa huu ulizimwa kwa kampeni za kuchanja mbwa, ukaingia tena, ukazimwa tena kwa njia ile ile. New Zealand, iliyoifanya chipu kuwa lazima kwa mbwa waandikishwao mara ya kwanza tangu Julai 2006, iliwasamehe mbwa wa kazi za mashambani. Na sioni kwa nini mbwa wa mfugaji wa Monduli au Kajiado atwishwe mzigo ambao mwenzake wa kuchunga kondoo hakutwishwa.

Basi mimi nasema sheria iwepo, na iwe ya lazima, lakini ianzie kwa wenye faida. Iwafunge kwanza wazalishaji na wauzaji, pamoja na wale wanaopanga watoto wa mbwa kandokando ya barabara za miji mikubwa; iwafunge wenye kampuni za ulinzi, ambao mbwa wao wakali hukodishwa kulinda mabohari na majumba; na kila mbwa aingizwaye nchini. Daftari liwe moja, la serikali, chini ya idara ya mifugo, na chanjo ziandikwe chini ya namba ile ile. Kila kituo cha daktari wa mifugo na kila ofisi ya manispaa ipokeayo mbwa waliookotwa iwe na mashine ya kusomea, na kusoma kuwe ni wajibu. Ama kubadili jina la mwenye mbwa, jambo lililowashinda Waingereza, kuwe bure na kwa simu ya kawaida, kwa kubonyeza nyota na tarakimu kama tutumavyo fedha, maana katika hili sisi tumezoea kuliko wao. Mbwa wa vijijini wachanjwe bila ya malipo, na chipu wapewe siku ile serikali itakapoweza kuigharimia yenyewe.

Kuhusu faini sina mengi: iwe ndogo kwa mwenye mbwa mmoja, nzito kwa auzaye, na isikusanywe na mgambo wa jiji njiani, kwani sote twajua hayo yataishia wapi.

Mswada utakapoletwa, wabunge wetu na waufungue watazame ni nani anayetajwa katika ibara za mwanzo. Wakiona ni mwenye mbwa peke yake, na muuzaji, daktari na mtunza daftari hawatajwi ila mwishoni au hawatajwi kabisa, wasiupitishe. Waurudishe kwa walioutunga.