Saa Moja Angani, Saa Tano Kwenye Kiti cha Chuma

Ndege ya Nairobi kwenda Dar es Salaam hukaa angani saa moja na ushei. Wengi hudhani safari fupi namna hiyo haina nafasi kubwa ya kuchelewa, lakini utaratibu wa kazi unaonyesha vingine. Ndege ndogo za masafa mafupi hurushwa mizunguko kadhaa kwa siku, na kila zikitua hupewa dakika chache tu za kushusha watu, kusafisha, kujaza mafuta na kupakia tena. Ikikwama alfajiri kwa ukungu, deni la dakika hizo linahamia safari ya pili, ya tatu, hadi ile ya usiku. Ndege ya masafa marefu inaweza kukomboa muda njiani. Hii ya saa moja itaukomboa wapi? Marubani nao wana kikomo cha saa za kazi, kwa hiyo abiria wa ndege ya mwisho ndiye aliye katika hatari zaidi ya kuambiwa arudi kesho.

Haki anayo, kwa maandishi. Kenya na Tanzania zote ni wanachama wa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao kifungu chake cha 19 kinalibebesha shirika la ndege hasara inayotokana na kuchelewa, isipokuwa lithibitishe kuwa lilichukua kila hatua iliyostahili kuizuia. Anaweza kudai ndani ya miaka miwili, hata katika mahakama za kule alikokuwa anakwenda. Kikomo cha fidia, kilichopandishwa mwishoni mwa 2024, kinazidi dola 8,000 za Marekani. Ila hicho ni kikomo, si malipo. Abiria hana budi kuonyesha hasara yenyewe: risiti ya hoteli, teksi, tiketi mpya badala ya ile ya ndege iliyomwacha. Mfanyabiashara aliyepoteza dola 90 hatamlipa wakili dola 300 azifuate. Anapokea vocha ya soda na mkate, anaondoka. Mkataba huu unamfaa mwenye hasara kubwa, na hasara za njia fupi kwa kawaida ni ndogo na nyingi.

Kwa hiyo njia kama hii inahitaji fidia ya kiwango maalumu, isiyodai ushahidi wa hasara. Umoja wa Ulaya unayo tangu kanuni yake ya mwaka 2004: kwa safari isiyozidi kilomita 1,500, euro 250, na mahakama yake iliamua mwaka 2009 kwamba anayefika akiwa amechelewa saa tatu au zaidi analipwa pia. Kiwango chenyewe sikiungi mkono kwetu. Kinaweza kupita nauli, na mashirika yetu mengi yanahema. Jumuiya ya Afrika Mashariki ingeweza kukubaliana juu ya sehemu ya nauli, nusu kwa mfano, ilipwe kwa simu bila kuombwa.

Itasemwa nauli zitapanda. Huenda, kidogo. Lakini gharama ya kuchelewa haikuanzia kwenye kanuni. Leo inalipwa yote na wale waliokwama, hasa aliyekata tiketi mbili tofauti, kwa kuwa shirika la pili halilidai la kwanza wala halimsubiri abiria. Hoja nzito zaidi ni ya usalama: je, mhandisi hatasukumwa airuhusu ndege mbovu? Jibu ni kumpa yeye na rubani neno la mwisho, jambo ambalo sheria za anga tayari zinalidai, na kusamehe yaliyo nje ya uwezo wa shirika, kama dhoruba au ugomvi wa serikali. Januari 2024 Tanzania ilitangaza kusimamisha safari za abiria za Kenya Airways katika njia hii hii, kabla pande mbili hazijapatana. Kumtoza msafirishaji kwa hilo kusingekuwa haki. Hitilafu ya mashine iliyotarajiwa katika uendeshaji wa kila siku si dhoruba.

Msamaha huo ndio utakaotumiwa vibaya. Kumbukumbu za ufundi na zamu za wafanyakazi ziko mikononi mwa shirika, na abiria anaambiwa tu "sababu za kiufundi". Basi kanuni iseme hivi: shirika lisipotoa sababu kwa maandishi ndani ya siku saba, lilipe.