Baza Yako Haijakufa, Ni Sisi Tulikudanganya

Acheni niseme hii kitu kabla hasira haijapoa. Juzi msichana wa kidato cha tatu aliniandikia. Alikuwa ametengeneza kengele ya kugundua gesi ikivuja jikoni, akaipeleka maonyesho ya sayansi. Sensa ikashika gesi, taa nyekundu ikawaka, baza ikafanya "tik." Tik moja, kama swichi ya taa. Waamuzi wakangoja kidogo, wakaandika kitu, wakasonga meza ingine. Na alikuwa amefuata video ya nani? Yangu.

Kwa hivyo hapa najichapa mimi kwanza. Lakini wasee wa video za sekunde 60, nyinyi pia mko ndani. Tumewaambia watu "waya nyekundu kwa plasi, nyeusi kwa mainasi, imeisha hiyo." Ikikataa kulia tunajibu kwa komenti: "Baza imekufa, nunua ingine." Imekufa wapi, na hujaiendesha?

Baza pasivu ya piezo ni kipande cha seramiki kimebandikwa kwa sahani nyembamba ya chuma. Ukiipa volti, inajikunja. Ukiacha volti hapo, inabaki imejikunja, basi. Ile tik ndiyo safari yake moja. Sauti inataka ikunjwe na kukunjuliwa maelfu ya mara kwa sekunde, na hiyo kazi ni yako. Baza aktivu ina sakiti ndogo ndani ya kufanya hivyo, ndiyo maana inalia na betri tupu. Ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha tabia hii ya fuwele tangu 1881. Sisi bado tunaita kifaa kizima maiti.

Na najua kuna mtu ashaanza kuandika, "si anunue tu aktivu." Ukitaka mlio mmoja, nunua, sina shida. Lakini huyo dada alitaka gesi ilie hivi na moshi ulie vile, ndiyo nyanyake ajue kama ni kuzima jiko ama ni kutoka mbio. Aktivu ina mlio mmoja tu. Pasivu unaichagulia.

Kwa Arduino, amri ya tone inatosha kuanza. Usirushe namba yoyote ile. Kila sahani ina masafa yake inapolia kwa nguvu, nyingi zikiwa kati ya hezi 2000 na 4000 na kitu. Panda polepole ukisikiliza, utaisikia ikishtuka. Wengi wanaweka 500 halafu wanalia ati baza ni ya bei rahisi. Weka risista ya omu 100 hivi kwa mfuatano, kwa sababu piezo ni kapasita na inavuta mkupuo wa umeme kila ikigeuka. Wastani wenyewe ni mdogo sana. Ya nanofaradi 20, kwa volti 5 na hezi 4000, inakula chini ya nusu miliampia.

Bado haisikiki hadi chumba cha pili? Hapa ndipo penye utamu na hakuna mtu huonyesha. Unganisha baza kati ya pini mbili, moja ikipanda ingine ishuke. Volti 5 zinageuka kuwa mabadiliko ya volti 10, bila kununua chochote. Tone inacheza pini moja kwa wakati, kwa hivyo andika mzunguko wako mwenyewe: geuza pini zote mbili kila mikrosekunde 125, uko karibu na hezi 4000. Ukitumia transista na volti 12, weka risista ya kilo-omu moja sambamba na baza. Transista inavuta upande mmoja tu. Bila hiyo risista sahani inabaki imejaa chaji na sauti inakuwa mnong'ono.

Halafu kuna hii ya hatari. Baza pasivu nyingi za kwenye vifurushi vya wanaoanza si piezo kabisa. Zina koili. Pima omu: piezo haipitishi kitu, koili inasoma omu chache, mara nyingi 16. Sasa fuata ushauri wetu wa plasi na mainasi kwa pini ya volti 5. Omu 16 zinaomba zaidi ya miliampia 300 kwa pini ambayo mwisho wake kabisa ni 40. Hapo kweli kitu kinakufa, na si baza. Ya koili inataka transista na dayodi ya kurudisha umeme, bila mjadala.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, so hakuna mtu atanipima kwa cheti. Mnanipima kwa kazi kufanya kazi. Ile video nimeifuta. Huyo dada nimemtumia mchoro mpya wa pini mbili, na jana usiku akanitumia sauti: inalia hadi mbwa wa jirani anajibu. Ameng'oa gundi pia. Alikuwa amebandika sahani nzima kwa mbao, haingeweza kujikunja hata ungeipa stima ya nguzo.